Ukurasa wa Mapenzi na Ukurasa wa Moto: Kuwachagulia Vijana Riwaya Katika Milima ya Rwenzori

Mwalimu wa sekondari anayetumwa kununua riwaya za Kiswahili kwa ajili ya kabati la shule, huko Kyondo kwenye miteremko ya Rwenzori, mara nyingi huanza kwa kupekua. Hasomi mwanzo wala mwisho. Hufungua katikati, akakimbiza macho, akitafuta penye busu, penye kitanda, penye tusi. Akikuta, kitabu hurudi rafuni. Asipokuta hulipa, akapanda gari kurudi mlimani, moyo umetulia kwamba hakuna mzazi atakayekuja kumgombeza.

Mhadhara huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu huyo, na kwa mzazi anayemwogopa, na kwa yeyote anayeshika ufunguo wa kabati la vitabu katika wilaya ya Kasese, kuanzia mjini Kasese hadi Bwera mpakani. Hoja yake ni kwamba ufaafu wa riwaya haujulikani kwa kupekua. Hujulikana kwa kuisoma yote, kwa kumfahamu kijana atakayeisoma, na kwa kuwepo mtu mzima wa kuzungumza naye akishafunga kitabu. Kwa watu wa Kasese kuna la ziada: ukurasa wa mapenzi, unaoogopwa kuliko yote, huenda sio unaoumiza zaidi.

Miaka 20 iliyopita suala hili lisingejaza ukumbi, kwa kuwa riwaya zenyewe hazikuwepo. Kwa raia wengi wa Uganda wa rika la wazazi, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioandaliwa na Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala (NCDC), ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua tena kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Amri zilitangulia, vitabu vikafuata nyuma polepole, na vilivyofuata vingi vilitoka Nairobi na Dar es Salaam, vimeandikwa kwa ajili ya watoto wa kwingine.

Mtoto wa Kyondo huzungumza Lhukonzo nyumbani na kufundishwa kwa Kiingereza darasani. Kiswahili hukisikia sokoni Mpondwe, kwa wafanyabiashara na ndugu wanaovuka kutoka Kasindi, Beni na Butembo, kwa maana Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni watu wa ukoo mmoja waliotenganishwa na mpaka. Ni Kiswahili cha Kongo, chepesi na cha haraka, nacho kina sarufi yake. Kijana huyo akipewa Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, hakuna neno moja ndani yake litakalomkera mchungaji wala shehe. Lakini atakwama kurasa za mwanzo, akiamini kwamba lugha hii si yake. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996, ina safari ambayo kijana yeyote angeifuata hadi mwisho: Kongowea anaondoka Tanga kwenda kumtafuta baba asiyemjua, nchini Kenya. Hata hivyo methali na msamiati wake vinamtaka msomaji aliyekwisha kukomaa kilugha. Kitabu kinachomshinda msomaji hakimfai, hata kiwe safi namna gani. Hilo ni jepesi kulitambua, basi lisichukue muda.

Penye uzito ni kwenye maudhui, na hapo historia ya riwaya ya Kiswahili ina kisa ambacho kila mteuzi wa vitabu anapaswa kukijua.

Mwaka 1971 kijana kutoka Namagondo, kisiwani Ukerewe, alichapisha riwaya yake ya kwanza. Jina lake Euphrase Kezilahabi; kitabu, Rosa Mistika. Muda si mrefu kikapigwa marufuku katika shule za Tanzania. Ndani yake mna ngono, mna ulevi, mna utoaji mimba, na mhusika mkuu anajiua. Aliyepekua katikati hakukosa cha kumshtua. Ila aliyesoma toka mwanzo aliona kitu kingine. Zakaria, baba wa Rosa, ni mlevi anayemlinda bintiye kwa fimbo. Barua ya mvulana ikionekana, kipigo. Hakuna siku anayokaa na binti na kumweleza jambo lolote kuhusu wanaume, mwili wake au dunia. Rosa anapotoka chini ya jicho la baba, kwenda shule ya bweni na baadaye chuo cha ualimu, hana kinga ya ndani, maana kinga yake yote ilikuwa hofu, na hofu imebaki Namagondo. Riwaya nzima ni shitaka dhidi ya malezi ya kunyamazisha. Walioipiga marufuku walikifanyia kitabu jambo lile lile ambalo Zakaria alimfanyia binti yake.

Miaka ilipita, marufuku ikaondoka, na Rosa Mistika ikaingia katika orodha za fasihi za sekondari. Mwandishi wake akawa profesa, akaandika riwaya nyingine tano, na alipofariki Januari 2020 alikuwa miongoni mwa majina makubwa kabisa ya fasihi ya Kiswahili. Zanzibar nayo ilitoa ndugu wa kisa hicho. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, Maimuna anafungiwa ndani na baba yake Maksuudi, mwanasiasa mwenye heshima mbele za watu. Siku anapotoka anaangukia mikononi mwa wanaomtumia, kwa kuwa hajui hata namna ya kumtambua adui. Utengano ilitahiniwa Kenya katika mtihani wa mwisho wa sekondari (KCSE). Maelfu ya wasichana na wavulana waliisoma darasani, mwalimu akiwa mbele yao.

Je, Rosa Mistika inunuliwe kwa shule ya Kyondo? Mwandishi wa mhadhara huu anasema inunuliwe, lakini isikae katika rafu anayojichukulia mtoto wa miaka 13. Sababu si ngono. Sababu ni kifo cha Rosa. Msichana aliyekata tamaa, mwenye siri aliyoibeba peke yake, akisoma usiku bwenini kwamba msichana mwenye siri kama yake alijitoa uhai, hapaswi kuachwa peke yake na ukurasa huo. Isomwe na vidato vya juu, darasani, na sura za mwisho zisisomwe Ijumaa jioni watoto wakaondoka nazo hadi Jumatatu. Hilo upekuaji wa kutafuta busu haulioni kabisa.

Umri nao unadanganya. Shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19 tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu nchi yoyote duniani, na wasichana wengi walipata mimba katika kipindi hicho. Darasa la kidato cha pili leo laweza kuwa na mvulana wa miaka 13 anayekaa dawati moja na msichana wa miaka 18 aliyejifungua akarudi shuleni. Kitabu kinachomficha msichana huyu mambo ya uzazi hakimlindi na lolote. Kinamwambia tu kwamba maisha yake ni aibu isiyoandikika. Kwa hiyo mteuzi asiulize kidato peke yake. Aulize ni akina nani hasa wamekaa darasani.

Serikali hupenda orodha, na orodha zina kazi yake. Kenya, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) hutoa orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa, inayojulikana na kila mwenye duka la vitabu kama Orange Book. Tanzania, Taasisi ya Elimu (TET) hutoa ithibati. Februari 2023 Waziri wa Elimu wa Tanzania, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza vitabu 16 visivyoruhusiwa tena shuleni kwa hoja ya kukiuka mila, desturi na maadili, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Mmarekani Jeff Kinney, vitabu vya vichekesho na michoro ambavyo watoto wa shule za mijini walikuwa wakiazimana. Mzazi ana haki ya kuhoji kila kinachoingia shuleni kwa mtoto wake, na wizara ina wajibu wa kumsikiliza. Lakini orodha ya makatazo inajua vitabu tu. Haimjui mtoto. Orodha iliyopigwa mhuri Dodoma, Nairobi au Kampala haiwezi kujua kilichotokea katika bweni moja mjini Mpondwe-Lhubiriha.

Hapo ndipo mhadhara huu unapotaka kukaa kidogo.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa kundi la Allied Democratic Forces (ADF) waliingia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Waliua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Bweni la wavulana lilichomwa moto wakiwa ndani. Wasichana walikatwa kwa mapanga. Wengine walitekwa na kupelekwa Kongo. Miaka 25 kabla yake, Juni 1998, kundi hilo hilo lilichoma mabweni ya Chuo cha Ufundi cha Kichwamba, upande wa Kabarole, na wanafunzi 80 wakateketea. Katikati ya misiba hiyo kuna Novemba 2016, majeshi ya serikali yalipovamia kasri ya mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese na zaidi ya watu 100 wakauawa katika siku mbili. Mtoto aliyekuwa na miaka sita mwaka 2016 sasa ni mwanafunzi wa sekondari. Wako wengi katika madarasa ya Kasese waliompoteza kaka, shangazi, jirani, au rafiki waliyekaa naye dawati moja.

Sasa mwalimu na apekue Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyokuwa kitabu teule cha KCSE. Hatakuta cha kumfanya aone haya mbele ya wazazi. Atailipia. Na katika kurasa za mwanzo kabisa mwanafunzi wake atakutana na Ridhaa, aliyesimama mbele ya majivu ya nyumba yake. Majirani waliokula naye wamegeuka baada ya uchaguzi, nyumba imechomwa, na jamaa zake wameteketea ndani.

Mwalimu wa Nakuru au Kakamega hufundisha sura hiyo akijua vurugu za Kenya za 2007 na 2008 zimo nyuma yake. Mwalimu wa Bwera anapaswa kujua kuna Juni 2023. Akimwita mwanafunzi asome kwa sauti, bila kujua kwamba mwanafunzi huyo alitambua maiti ya ndugu yake kwa vipande vya nguo, atakuwa amemtia kidonda upya mbele ya wenzake 60. Na hakuna mzazi atakayekuja kugombeza, kwa sababu hakuna tusi katika ukurasa ule.

Maana yake si kwamba Chozi la Heri ikataliwe Kasese. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ni miongoni mwa riwaya chache za Kiswahili zinazowafaa hasa vijana wa huko, kwa vile haiishii kwenye majivu. Umulkheri na ndugu zake Dick na Mwaliko wanatawanyika kila mmoja upande wake, wanapitia mabaya, kisha wanaonana tena. Mwangeka, mtoto wa Ridhaa aliyebaki hai, anaoa upya na kumlea Umulkheri kama bintiye. Kijana aliyefiwa anahitaji kuona katika maandishi kwamba watu waliopatwa na msiba kama wake waliendelea kuishi, wakapika, wakasoma, wakapendana. Lakini ili afike huko lazima kwanza apite kwenye moto, na apite akiwa ameshikwa mkono. Mwalimu awaeleze mapema kilichomo katika sura ile. Asiyetaka kuisikia aruhusiwe kutoka nje bila kuulizwa sababu mbele ya watu, na mwalimu aisome mwenyewe badala ya kumwamuru mtoto.

Wazee wa Kikonzo hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Hadithi zilizosimuliwa jikoni usiku hazikuwa laini: mlikuwa na mazimwi yanayomeza watu na mama wa kambo wanaowatesa watoto. Ila bibi aliyesimulia aliwaona wasikilizaji wake kwa mwanga wa moto. Mdogo akianza kulia, zimwi lilikufa mapema usiku huo. Mkubwa akibaki peke yake baada ya wadogo kulala, hadithi ilirefuka na mambo ya watu wazima yakaingia. Hadithi ilikuwa ile ile, lakini kipimo chake kilibadilika kwa kila msikilizaji. Kitabu cha chapa hakina macho. Kinamsimulia kila mtu kwa kipimo kimoja. Macho hayo lazima yawe ya mwalimu, au ya mzazi, la sivyo hakuna mwenye macho.

Uganda ina mfano wake wa karibu zaidi wa namna watu wazima walivyokubali kusema. Mwaka 1993, ukimwi ukiwa umejaza makaburi, lilianzishwa gazeti la vijana la Straight Talk, lililosambazwa mashuleni. Liliandika waziwazi juu ya hedhi, ndoto za usiku, kukataa ngono na kujikinga. Wako wazazi walioguna. Lakini walimu walilipokea, barua za vijana zikamiminika, na mazungumzo ambayo zamani shangazi tu ndiye aliyeruhusiwa kuyafanya yakaanza kufanyika darasani. Tanzania nayo ilizichukua habari za magharibi mwa Uganda na kuzifanya somo: Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala, riwaya ya Kiingereza inayosomwa na vijana wa sekondari za huko, inasimulia familia inayoteketezwa na ukimwi. Wahusika wake wanaitwa Adyeri, Abooki, Atwoki, Amooti, majina ya empaako wanayoitana Watoro, majirani wa Wakonzo. Kijana wa Mwanza au Songea huifahamu familia hiyo. Ingekuwa haki na kijana wa Kasese aifahamu.

Kwa wadogo, wa shule ya msingi na kidato cha kwanza, mambo ni mepesi zaidi na hofu ya watu wazima iko juu kuliko inavyostahili. Barbara Kimenye, aliyeishi Uganda miaka mingi, aliandika tangu miaka ya 1960 visa vya Moses, mvulana mtundu wa shule ya bweni ambaye kila mpango wake huharibika. Moses anavunja sheria, anadanganya walimu, anatoroka. Wapo watakaosema anawafundisha watoto utovu wa nidhamu. Vizazi vya watoto wa Kenya na Uganda vilimsoma vikacheka, na wengi walijifunza kupenda kusoma kwa sababu yake. Utundu unaochekesha na kumrudia mtenda si sumu. Kiswahili kinahitaji Moses wake, tena aliyeandikwa na mtu wa Uganda, kwa lugha ambayo mtoto wa Kyondo anaimudu. Wachapishaji wa Kampala wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kuchapa vitabu vya kiada vya Kiswahili. Riwaya fupi za kurasa 60 hazizidi uwezo wao.

Kazi yenyewe ya kuchagua haihitaji bajeti. Shule nyingi za mlimani zina nakala moja au mbili za kila riwaya, na umaskini huo una faida moja: watu wazima watatu wanaweza kuisoma nakala hiyo hiyo kwa zamu kabla haijaingia kabatini. Wa kwanza awe mwalimu wa Kiswahili. Wa pili awe mwalimu wa kike anayewafahamu wasichana bwenini, anayejua nani halali na nani hali. Wa tatu awe mzazi, ikiwezekana asiye mwalimu. Mkulima wa kahawa au mfanyabiashara wa Mpondwe anayesoma Kiswahili anaweza kuona asiloliona mtu wa darasani. Watatu hao wasiulizane kama kitabu kina mapenzi. Waulizane kitabu kinamheshimu nani na kinamdharau nani. Anayebaka analipia au anasifiwa? Msichana aliyepata mimba anabaki kuwa mtu, au anageuka onyo tu? Kabila la jirani linachorwaje? Kwa wilaya iliyomwagikiwa damu kama Kasese, hilo la mwisho lina uzito kuliko busu lolote. Riwaya yenye maneno matakatifu mwanzo hadi mwisho, lakini inayowafanya watu wa kabila fulani wote kuwa wezi na wauaji, haifai kumkabidhi mtoto wa Kasese.

Wakishasoma, waandike mistari mitatu au minne kwa penseli ndani ya jalada: kitabu kinahusu nini, sura gani ni nzito na kwa nini, kinafaa kusomwa peke yake au pamoja. Mwalimu akihamishwa, na huhamishwa, maandishi yale yatabaki. Mzazi akija na malalamiko, ataonyeshwa kwamba kitabu kilisomwa chote na watu wanaompenda mtoto wake, mmoja wao akiwa mzazi kama yeye.

Mwaka wa shule nchini Uganda hufunguliwa Februari. Desemba na Januari shule zimefungwa, na jioni za mlimani ni ndefu. Mwalimu wa Kyondo anayesoma maneno haya achukue riwaya moja kutoka kabatini, aanze ukurasa wa kwanza na afike wa mwisho, kisha akampe mzazi mmoja na mwalimu mwenzake mmoja, ili kengele ya Februari ikilia, kitabu hicho kiwe kimekwisha kusomwa na watu wazima watatu kabla ya mtoto wa kwanza kukifungua.